Wimbo Hubisha Hodi Kabla ya Kuzaliwa

Ukivuka feri kwenda Likoni, au ukivuka daraja la Nyali kwenda Kisauni, au ukipita Makupa ukielekea Changamwe, hutakwenda mbali kabla hujakutana na chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani kikaitwa studio. Ndani mna kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, feni iliyozimwa kwa kuogopa mvumo wake, na vijana wanne watano wanaotokwa na jasho. Humo ndimo zinamotengenezwa nyimbo nyingi za Mombasa ya leo. Wimbo huimbwa baada ya isha, husafishwa usiku wa manane, na kabla jogoo wa pili hajawika umekwisha kutumwa duniani.

Nami kila nipitapo huko, kwa kuwa ni mtu wa mashairi na wa gazeti, huulizwa swali moja. Huniuliza vijana wa Mtongwe na Timbwani, wa Mishomoroni na Mtopanga, wa Chaani na Magongo: "Ami, nyimbo zetu ni nzuri na mtaani zapendwa. Mbona hazitiwi katika zile orodha?"

Orodha wazitajazo ni zile za nyimbo zilizopangwa pamoja katika mitandao ya kusikilizia muziki kwa simu, kama vile Spotify, Apple Music na Audiomack. Msikilizaji wa leo hanunui santuri wala kanda. Hufungua simu, akachagua orodha yenye jina la kumpendeza, iwe ya safari, ya harusi au ya nyimbo mpya za Afrika, akaiacha iimbe yenyewe. Wimbo uliomo katika orodha husikiwa na watu ambao mwimbaji hawajui wala wao hawamjui. Wimbo usiokuwamo hubaki kwa jamaa na majirani.

Nimelitafuta jawabu la swali hilo kwa kusoma masharti ya mitandao hiyo na kwa kukaa na vijana wenyewe pale magodoroni. Jawabu lenyewe ni fupi nalo linasikitisha. Nyimbo nyingi za ng'ambo zetu hizi hazikukataliwa na mtu, kwa sababu hazikupelekwa kwa mtu. Mlango wa kuziombea hufungwa siku ile ile wimbo unapotoka, na vijana wetu huutoa wimbo kwanza, ndipo wakaanza kuutafuta mlango.

MABAWABU WA ZAMANI

Mwimbaji wa pwani hajawahi kukosa bawabu. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, safari ile ilikuwa ya kampuni ya His Master's Voice, na asiyechukuliwa na kampuni hakuwa na santuri. Hapa Mombasa duka la Assanand na Wanawe ndilo lililotoa santuri za Mzuri, na waimbaji wa taarabu wakapita hapo. Zilipokuja kanda, Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ikawa pahala pa kunakilia na kuuzia nyimbo zilizoimbwa harusini.

Them Mushrooms nao walipita mlango mwingine kabisa, mlango wa hoteli za pwani ya kaskazini. Wimbo wa Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watalii wakausikia jioni wakiwa mapumzikoni, wakanunua santuri wakaenda nazo kwao, na mwaka 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani likautoa kwa namna yake. Hoteli ndiyo iliyokuwa orodha ya nyimbo ya siku zile. Aliyekuwamo alisikiwa hadi Ulaya, na aliyekuwa nje aliimbia mtaa wake.

Tofauti ya bawabu wa leo na yule wa zamani ni mbili. Wa zamani ulimjua duka lake, ukaweza kumwendea na kumpa salamu. Wa leo huonekani naye uso kwa uso. Na wa zamani ukimkosa leo ulirudi kesho na santuri ile ile, ilhali wa leo hufuata kalenda, na siku ikipita haikurudii.

MABAWABU WA LEO NI WATATU

Wa kwanza ni mhariri. Huyu ni mtu kama mimi na wewe, aliyeajiriwa na mtandao kusikiliza nyimbo na kuzipanga. Orodha kama ile ya African Heat katika Spotify ni kazi ya wahariri.

Wa pili ni programu ya kompyuta, isiyokuwa na sikio wala moyo, ila ina hesabu. Hutazama ni nani aliyeusikiliza wimbo mpaka mwisho, ni nani aliyeuruka, ni nani aliyeuhifadhi katika simu yake, na watu hao hupenda nyimbo gani nyingine. Kutokana na hayo humpangia kila msikilizaji orodha yake peke yake. Discover Weekly ya Spotify huja kila Jumatatu, na Release Radar, ambayo huleta nyimbo mpya za waimbaji unaowafuata, huja kila Ijumaa.

Wa tatu ni msikilizaji mwenyewe: bibi harusi wa Bamburi anayepanga nyimbo za siku yake, dereva wa matatu ya Magongo, muuza duka wa Likoni. Orodha zao ni ndogo, lakini ndizo zinazoifundisha ile programu wimbo huu ni wa watu gani.

Hapo pana jambo moja la kuwatahadharisha wenzangu wa taarabu. Katika Spotify wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Sisi tumezoea kinanda kianze, fidla ziitikie, na mwimbaji aje kwa madaha baada ya dakika nzima. Sisemi tuukate utangulizi, kwani taarabu bila utangulizi ni kama mgeni aingiaye nyumbani bila salamu. Nasema utangulizi huo uwe wa kumshika mtu, na upigwe na mafundi, maana asiyejua taarabu hatangoja kwa sababu ya heshima.

MLANGO HUFUNGULIWA VIPI?

Spotify ilifungua milango yake Kenya mwezi wa Februari 2021. Lakini tangu Julai 2018 ilikuwa imekwisha kuweka njia ya mwimbaji yeyote kumpelekea mhariri wimbo wake, bila ya kupitia kwa mkubwa wala kulipa senti. Masharti yake nayaeleza hapa kwa Kiswahili chepesi.

Kwanza, mwimbaji haingizi wimbo mwenyewe katika mtandao. Hupitia kwa msambazaji, kama vile DistroKid, TuneCore na wengineo. Wako wanaotoza ada ya kila mwaka, na wako wanaokata fungu la mapato. Kwa wale wa ada, ukikoma kulipa wimbo wako huweza kuondolewa. Soma mkataba kabla hujabonyeza kukubali.

Pili, mwimbaji hufungua ukurasa wake wa Spotify for Artists na kuthibitisha kuwa yeye ndiye. Humo ndimo lilimo ombi la kwenda kwa wahariri.

Tatu, na hili ndilo wengi wasilolijua, ombi hukubaliwa kwa wimbo ambao haujatoka tu. Ukipeleka ombi siku 7 au zaidi kabla ya siku ya kutoka, hata mhariri asipouchagua, wimbo huo utaingia katika Release Radar za wafuasi wako. Ukichelewa chini ya hapo, huna ahadi hiyo. Na ukiwa umekwisha toka, hakuna ombi.

Nne, huwezi kuombea nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Moja itoke ndipo uombee ya pili. Wala huwezi kuombea wimbo ambao wewe ni mwalikwa tu. Mwenye wimbo ndiye aombaye.

Kwa mitandao mingine njia hutofautiana, na aghalabu ni msambazaji ndiye apelekaye maombi kwa niaba yako. Yeye naye anataka muda. Popote uendapo neno ni moja: wimbo uwe tayari majuma kadha kabla.

Nilikuwa Mishomoroni jioni moja, kijana akanijia na furaha yake yote. Alikuwa amekopa chamani ili alipe studio, na wimbo wenyewe, haki ya Mungu, ulikuwa mzuri, wa mapenzi na wa maneno safi.

"Ami, wimbo ushatoka."

"Umetoka lini, mwanangu?"

"Jana usiku. Sasa nataka unitengenezee maneno mazuri ya kuuombea orodha."

Tukafungua ule ukurasa. Pahala pa maombi pakawa patupu, kwa kuwa hakuwa na wimbo wowote unaongoja kutoka. Akaupekua ukurasa juu na chini, kama mtu atafutaye ufunguo katika kanzu isiyo na mfuko. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Basi tuufute, tuutoe tena?"

Nikamwambia auache uishi. Watu walikuwa wamekwisha kuuhifadhi katika simu zao, na kuufuta ni kuwafungia mlango wale waliokuwa wa kwanza kumpenda. Kazi iliyobaki ilikuwa kuupanga wa pili. Lakini deni la chama lilikuwa la wimbo wa kwanza, na hilo ndilo lililonitia uchungu.

Tena tusisahau hesabu ya fedha. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mapato ya rekodi kwa wimbo ambao haukufikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Kijana atoaye nyimbo kumi kwa haraka, kila mmoja ukasikilizwa mara mia tatu, amefanya kazi kumi zisizokuwa na ujira. Angetoa tatu kwa mpango angeweza kuona angalau kitu.

HERUFI MIA TANO

Katika ombi huulizwa aina ya muziki, hali yake, ala zilizopigwa, lugha iliyoimbwa, na huko ulikotoka. Kisha hupewa nafasi ya kueleza wimbo kwa herufi 500, nafasi baina ya maneno zikihesabiwa.

Mimi niliposikia herufi 500 nilicheka, kwa kuwa sisi watunzi kipimo tumekizoea. Ubeti wa tarbia, wa mizani kumi na sita kwa kila mshororo, huchukua takriban herufi 150. Basi herufi 500 ni kama beti tatu tu. Mtu wa Mvita aliyeweza kuposa, kuteta na kusuluhisha kwa beti tatu hashindwi kumweleza mhariri wimbo wake.

Lakini angalia wanavyoandika vijana wetu: "Wimbo huu ni moto sana, naomba mniunge mkono, utavuma dunia nzima." Herufi zimekwisha, na mhariri hajajua kama anasoma habari za chakacha, za kasida au za rapu. Afadhali aambiwe hivi: "Chakacha ya harusi kutoka Likoni, Mombasa, kwa Kiswahili cha Mvita. Vumi, msondo na chapuo zimepigwa kwa mkono, zumari ni ya mzee wa mtaani. Mama anamuusia binti yake usiku wa kuolewa. Inatoka mwanzo wa msimu wa harusi, na siku hiyo itachezwa katika redio za pwani." Huyo mhariri, awe yuko Nairobi, Lagos au London, amekwisha kuuona wimbo kabla hajausikia.

Hapa pana jambo kubwa kuliko mwimbaji mmoja. Fomu humtaka mtu achague aina ya muziki. Kijana wetu, kwa uvivu au kwa kutojiamini, hubonyeza jina la kwanza linalovuma, Bongo Flava au Afrobeats, ilhali aliyoimba ni bango, muziki wa Mzee Joseph Ngala wa Freretown, hapo hapo Kisauni. Akishafanya hivyo wimbo wake hupelekwa kwa watu wanaotaka kitu kingine. Wao huuruka, programu huandika kuwa umerukwa, na wimbo mzuri hupata sifa mbaya kwa sababu umeingia arusi isiyokuwa yake. Usipolikuta jina la bango au chakacha mahali pa kuchagulia, chagua lililo karibu, kisha ulitaje lenyewe katika zile herufi 500. Jina lisilotajwa hata na wenyewe halitapewa orodha na wageni.

IJUMAA NA MIEZI YETU

Tangu tarehe 10 Julai 2015 kampuni za muziki za nchi zaidi ya 40 zilipatana kuwa nyimbo mpya zitoke Ijumaa. Ndiyo maana orodha za nyimbo mpya hubadilishwa siku hiyo. Atoaye Jumapili si mkosa, lakini huwa kama mtu afikaye sokoni Kongowea saa sita za mchana akitaka samaki wa alfajiri.

Hiyo ndiyo kalenda ya ulimwengu. Nasi tunayo yetu, nayo ni nguvu yetu. Mwaka wa mwezi mwandamo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika kila mwaka wa jua, kwa hivyo huwezi kupanga kwa kukumbuka ya mwaka jana. Katika mwezi wa Mlisho watu wa pwani huvunja jungu na kukimbilia kumaliza arusi zao. Katika Ramadhani ngoma hunyamaza. Katika Mfungo Mosi, baada ya Idi, arusi hurudi na kila nyumba yataka nyimbo. Katika Mfungo Sita ni Maulidi, na kasida ndizo zinazotafutwa. Desemba huja wageni na watu wetu wa ng'ambo kurudi nyumbani.

Chakacha iliyotolewa kumi la mwisho la Ramadhani, hata ikitiwa orodhani huko duniani, nyumbani haina mtu wa kuiimba. Ikitoka Ijumaa ya mwanzo ya Mfungo Mosi, mabibi wa arusi ndio watakaokuwa wapiga debe wake. Anayejua miezi yetu anajua jambo ambalo mhariri wa mbali hulijua kwa kuambiwa tu. Basi aambiwe.

Wala redio isisahauliwe. Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma na nyenginezo zingali zinasikizwa kwenye matatu na majikoni. Mpelekee mtangazaji wimbo siku chache kabla, umwombe auanze siku ile ile ya Ijumaa. Kadhalika miito ya simu, ambayo sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 imemwekea mwenye kazi fungu lisilopungua asilimia 52. Milango yote ifunguliwe siku moja, ndipo kishindo husikika.

JINA LA MTUNZI

Sasa nije katika jambo linalonikera mimi kama mtunzi. Anayeingiza wimbo kwa msambazaji huulizwa majina: mwimbaji ni nani, mtunzi wa maneno ni nani, mtunzi wa lahani ni nani, nani aliyetengeneza. Wimbo nao hupewa namba yake ya ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, iwe kama kitambulisho chake popote uendapo. Namba hiyo ihifadhiwe, kwani ukihamia kwa msambazaji mwingine na namba ile ile, hesabu ya waliokusikiliza huweza kukufuata.

Mambo haya hutaka utulivu. Wimbo unaoingizwa saa tisa za usiku, na watu wana usingizi, hujazwa jina moja tu, la mwimbaji. Mtunzi wa maneno hupotea hapo, na kumrudisha baadaye ni mashaka.

Wazee wetu yaliwapata. Nyimbo nyingi alizoimba marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo zilitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Zein L'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, aliimba tungo alizopewa na Sheikh Ahmed Nabhany, aliyemfuata kaburini mwaka 2017. Sisi wa Mombasa twayajua hayo kwa kuhadithiana. Lakini waliokuwa wakinunua kanda mara nyingi waliona jina la mwimbaji pekee. Zama zile kisingizio kilikuwa kipande kidogo cha karatasi juu ya kanda. Leo nafasi ipo, imeandikwa kabisa "mtunzi", na tunaiacha tupu kwa sababu ya haraka ya usiku mmoja.

Bibi mmoja wa Likoni, mwimbaji wa arusi, aliniomba maneno mwaka jana. Wimbo ulipokwisha, mwenye studio alitaka utoke usiku ule ule, kwa kuwa mwimbaji mwenzake wa ng'ambo ya pili alikuwa ametoa wake. Bibi yule akasema, "La, ami amesema tungoje, tutangoja." Tukangoja majuma matano. Picha ya jalada ikapigwa vizuri mchana wa jua. Majina yote yakaandikwa, hata la mpiga zumari. Ombi likapelekwa siku ishirini na tano kabla, na siku ikawekwa Ijumaa ya Mfungo Mosi.

Msomaji atataka kujua yaliyotokea. Wahariri hawakuuchukua. Mtandao hauandiki barua ya kukataa, hunyamaza tu. Lakini kwa kuwa ombi lilifika mapema, Ijumaa ile wafuasi wake wote waliukuta katika Release Radar zao bila ya kutafuta. Wakauhifadhi. Arusini wakauomba. Baadaye programu ikaanza kuwapelekea watu wa Dar es Salaam na wa Maskati, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewajua. Bibi hakutajirika. Ila wimbo wake wa pili ameanza kuuandalia siku kabla hajauimba, na kila anayeusikiliza ule wa kwanza akifungua maelezo yake atakuta ni nani aliyetunga na nani aliyepuliza.

WAUZA ORODHA

Panapo na mlango hapakosi dalali. Wapo watu wanaowafuata vijana wetu kwenye simu wakisema, "Nipe elfu tano, nikutie katika orodha ya wasikilizaji laki moja." Jueni kuwa wahariri wa Spotify hawauzi nafasi, na anayeiuza si wao. Aghalabu wasikilizaji hao ni mitambo, inayocheza nyimbo usiku na mchana katika nyumba zisizokuwa na watu. Mtandao ukigundua huondoa hesabu hizo, na wimbo huweza kutolewa kabisa. Tangu mwaka 2024 Spotify humtoza faini msambazaji kwa wimbo uliochezwa kwa hila iliyo wazi, naye msambazaji hatakubali kuilipa mwenyewe. Kijana aliyenunua sifa kwa elfu tano hujikuta amefungiwa ukurasa, na nyimbo zake za halali zimekwenda pamoja na ile ya hila.

Tena nisiwadanganye. Hata aliyefanya yote haya kwa uaminifu hana hakika ya kuchaguliwa. Nyimbo zinazopelekwa kila siku ni nyingi kupita kiasi, na mhariri ana masikio mawili. Mpango hauugeuzi wimbo mbaya kuwa mzuri. Unachofanya ni kuuhifadhi wimbo mzuri usife kwa sababu ya tarehe.

HESABU KWA KURUDI NYUMA

Kwa hivyo nawapa vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe mpango mmoja mwepesi, waukate na kuubandika juu ya magodoro yale. Chagueni Ijumaa kwanza, kwa kutazama miezi yote miwili, ya jua na ya mwandamo. Kisha hesabuni kurudi nyuma. Majuma sita kabla, wimbo uwe umekamilika na usiguswe tena. Majuma matano kabla, kaeni mchana, si usiku, muandike majina yote na mafungu ya kila mtu, na kila mtu atie sahihi. Majuma manne kabla, wimbo na jalada viwe kwa msambazaji. Majuma matatu kabla, na kwa vyovyote isiwe chini ya siku 7, pelekeni ombi na zile herufi 500. Juma la mwisho ni la redio, la jamaa, na la kuwaambia wafuasi siku yenyewe. Baada ya kutoka, msiuache yatima. Uimbeni arusini na ufukweni kwa mwezi mzima kabla hamjaleta mwingine.

Najua kungoja ni kugumu kwa mwenye deni la chama na mwenye nyumba anayebisha mlango. Si haki kumwambia mtu mwenye njaa asubiri bila ya kumwambia faida ya kusubiri. Faida yenyewe ndiyo hii: majuma sita hayana gharama, ombi halina malipo, na mlango uko wazi kwa mtoto wa Chaani sawasawa na kwa mwimbaji wa jiji kubwa. Tumekuwa tukilalamika miaka mingi kuwa muziki wa Nairobi na wa Dar es Salaam umetufunika. Pengine ni kweli. Lakini kabla hatujamlaumu jirani kwa kutotufungulia, tuhakikishe kwanza kuwa tulibisha hodi, na tulibisha angali macho.